Uso Uliobaki Kiooni

 

Picha pekee ya arusi ya babu na bibi niliiharibu kwa mkono wangu. Niliitia fremu ikigusana na kioo. Unyevu wa pwani ukaigandisha, na nilipoibandua, uso wa bibi ulibaki kiooni.

Basi nawasihi: baina ya picha na kioo pawekwe ukingo wa kadibodi isiyo na asidi, visigusane. Iliyokwisha kuganda isibanduliwe. Msitundike picha penye jua, wala juu ya taa ya ibada na udi, kwani moshi huitia masizi. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli, maadamu wangali hai wanaozitambua nyuso hizo.

Fremu hununuliwa tena. Uso wa mzazi haununuliki.