Tuvikague Vijito Kabla ya Masika



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka maji yakiwa yamekwisha ingia nyumbani, yaani utunzaji wa vijito, makalvati na kuta za mawe zinazoukinga mji wa Nairobi na mafuriko.

Mji huu ulianza mwaka wa 1899, ukiwa kambi ya reli, mahali ambapo Wamaasai walipaita pa maji baridi. Maji yalikuwapo kabla yetu. Mto Mathare na Mto Ngong huingia katika Mto Nairobi, nao huteremka mpaka Mto Athi. Zamani mvua ilinywewa na ardhi; siku hizi huangukia mabati na lami, ikafika mtoni yote kwa mara moja.

Nitawapa mfano mmoja wa huzuni. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, karibu na Mai Mahiu, watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao usingizini. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji ipitayo chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa. Maji yakakusanyika nyuma ya tuta, mwisho yakapasua njia yao wenyewe.

Basi mkaguzi hutazama nini? Kwanza, hutazama kinywa cha kalvati. Bomba lililojaa mchanga nusu hupitisha nusu tu ya maji yake, au hata pungufu. Pili, hutazama chini ya nguzo za daraja na miguu ya kuta, kwa maana mto hauangushi ukuta kwa kuusukuma tu, bali huchimba udongo chini yake. Tatu, hutazama vikapu vya waya vilivyojazwa mawe: waya ukikatwa, mawe hutawanyika. Nne, huzibua matundu madogo ya ukutani, ili maji yaliyo nyuma yapate kutoka.

Kazi hii yafaa kufanywa kabla ya masika ya mwezi wa Machi, na kabla ya vuli ya Oktoba, na tena baada ya kila mvua kubwa. Na katika kuzibua, anzeni upande wa chini mwende juu. Mkianza juu, mtampelekea jirani wa chini maji asiyo na pa kuyapitisha. Taka mkiisha kuzitoa zichukuliwe mbali; zikiachwa ukingoni, mvua ya kwanza itazirudisha.

Huenda mtu akasema, “Hiyo ni kazi ya Kaunti, nami nimelipa kodi.” Ni kweli, kujenga kuta na kuzibua makalvati makubwa si kazi ya mtu mmoja, nanyi mna haki ya kuidai. Lakini fundi hafiki kila siku, nawe wavuka daraja kila asubuhi. Ukiona ufa, peleka habari siku ile ile.

Tena wako waliojenga ukingoni kwa kukosa mahali pengine. Sitawalaumu, nawasihi tu wasilale humo mto unapopanda. Maji ya kasi yafikayo magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kando ya mto, asiyeziba ufa huenda asipate siku ya kujenga.