Tusisubiri Mchango wa Msiba

Mwenyekiti, kamati, na akina mama mlioamka alfajiri kutupikia hapa Leicester, Uingereza, ambako hata tui ni la kopo: Mungu awazidishie.

Nilikuja nchi hii kusoma, mwezi wa Januari. Saa kumi na nusu jioni, giza! Nikipiga simu nyumbani nasema "mzima kabisa," maana ukoo mzima umechanga nauli. Utawaambiaje kwamba unalia?

Basi mwaka jana kijana wetu mmoja aliacha kwenda darasani. Tulipoingia chumbani kwake, pazia limefungwa, sahani zimeota ukungu, barua za chuo hazijafunguliwa. Nyumbani wakasema karogwa. Huku wengine wakasema mapepo. Kwenye kundi letu la WhatsApp, tuambizane ukweli, mtu akaandika "huyo wa Milembe," yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili, vikatuni vya kucheka vikafuata. Aliyempelekea uji, hakuna. Daktari alipomwona, ilikuwa sonona, na sonona inatibika. Kisomo kisomwe, maombi yaendelee, lakini na daktari aonwe.

Haraka haraka, maana mwenyekiti ananitazama. Wanafunzi, jiandikisheni kwa daktari wa mtaa. Washauri wa chuo ni bure, na kuonana nao hakufuti viza. Kinachogusa viza ni kusimamisha masomo, kwa hiyo piteni kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukizidiwa usiku, piga 111, chagua huduma ya afya ya akili. Mengine niulizeni pembeni. Ila nirudi kwenye kile kicheko cha WhatsApp: kule Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Mahakama imeelewa, sisi bado tunacheka.

Ndugu zangu, mtu akifariki hapa, mchango wa kusafirisha mwili unatimia wiki haijaisha. Mkenya, Mtanzania, Mrundi, wote tunatoa. Ila akiwa hai, amejifungia ndani, tunaanza: huyo si wa kwetu, huyo hajalipa ada ya jumuiya. Jamani! Maiti hana uraia, mgonjwa ndiye anaulizwa pasipoti?

Pilau iko tayari, naisikia harufu. Kabla hamjapanga foleni, kila mzazi humu amtafute mwanafunzi mmoja, achukue namba yake, na Jumapili ijayo ampigie. Asipopokea, nenda ukamgongee mlango.