Tatizo la Kuchacha kwa Mitambo ya Biogesi Inayolishwa Mabaki ya Kahawa na Ndizi Mkoani Kilimanjaro



Nimeombwa nianze na maana ya biogesi. Ni hewa inayotokana na vijidudu kuozesha mabaki mahali pasipo na oksijeni. Kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni methani, ambayo huwaka. Sehemu kubwa inayobaki ni kaboni dayoksaidi, ambayo haiwaki. Teknolojia hii si ngeni kwetu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilianza kuitangaza mwaka 1975, kituo cha teknolojia za vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kikaiendeleza katika miaka ya 1980, na kule Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yalishazalisha umeme. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Kilichonileta ni kuchacha kwa mitambo, yaani asidi kuzidi ndani yake hadi gesi isiwake.

Mtambo wa kinyesi cha ng'ombe ni mvumilivu. Ng'ombe wetu wa kufugiwa bandani kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ameshafanya sehemu ya kazi tumboni mwake, na kinyesi chake huja na vijidudu vyake. Maganda ya kahawa mbivu, maganda ya ndizi na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ni habari nyingine. Sukari yake hugeuka asidi ndani ya siku moja au mbili, lakini vijidudu vya methani huzaliana polepole na hulemewa pH, yaani kipimo cha uasidi, ikishuka chini ya 6.5. Nasi huku juu milimani huanza kumenya kahawa kwenye baridi ya Julai, wakati vijidudu vimezubaa, na maganda huja yote kwa mpigo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kituo kimoja cha kumenya kahawa, hivi tunavyoviita CPU. Sitakitaja. Kipimo cha presha kilikuwa juu, na wenyeji walidhani jiko ndilo bovu. Nikawasha njiti, ikazimika. Nikawasha ya pili, ikazimika. Tulipofunua shimo la kutokea tope, ilitoka harufu ya mbege iliyolala siku nyingi. Karatasi ya kupimia ikaonyesha pH 5. Gesi ilikuwa tele, ila haikuwa ya kuwaka. Kijana wa kulisha mtambo alikuwa akimimina kila pipa aliloletewa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kiasi. Mkandarasi alishalipwa, na mradi ulishafungwa rasmi siku moto ulipowaka mara ya kwanza. Msimu uliofuata maganda yalirudi kutupwa kando ya mfongo, mfereji wa maji wanayotegemea watu wa chini.

Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na kila mara ripoti husema teknolojia haikufaa. Kwa heshima zote kwa taasisi zinazohusika, hilo si kweli. Tulipata fedha za saruji, hatukutenga za mlishaji.

Napendekeza kila mtambo wa mabaki ya matunda uanzishwe kwa kinyesi cha ng'ombe, na kinyesi kiendelee kuchanganywa hata baada ya moto kuwaka. Maganda yaanze kidogo kidogo, kiasi kiongezwe kwa wiki, si kwa siku. Yanayozidi yaende kwenye mboji. pH ipimwe kila asubuhi msimu mzima. Ikishuka chini ya 6.5, ulishaji usimame, kinyesi kiongezwe, na majivu au chokaa kidogo itumike kwa uangalifu. Maganda ya machungwa yasiingizwe kwa wingi, kwani mafuta yake hudhoofisha vijidudu. Tope lirudi kihambani, kwenye migomba. Mkataba wa ujenzi usifungwe kabla mtambo haujamaliza msimu mmoja kamili wa kahawa. Mlishaji afundishwe, na posho yake iingie kwenye bajeti ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Na narudia: kinyesi kisiachwe.

Ndugu Mwenyekiti, Bodi ya Kahawa iko hapa Moshi na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iko Lyamungo. Hatuhitaji kwenda mbali. Naomba tusitawanyike leo kabla ya kukubaliana ni nani atakayewafundisha walishaji kabla kahawa ya kwanza haijamenywa.