Mji Mdogo Huchaguliwa Asubuhi
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waandaaji wa safari za ndani, Tanga



Mliponialika mlinipa kichwa cha mada kinachotaja "miji midogo yenye mvuto". Nilikikubali, ila hilo neno mvuto limenisumbua njia nzima. Jua likizama kila mji una mvuto, hata ule ambao ukishuka tu kwenye basi unatamani kurudi. Mimi nimezoea kuutazama mji saa kumi na mbili asubuhi, wenyewe wakiwa mbioni kwenda kazini. Mji wenye shughuli zake wakati huo ndio ninaompelekea mgeni.

Nianze na Pangani, maana iko jirani, kama kilomita 50 kusini mwa hapa tulipo, na wengi wetu huipita tu tukikimbilia hoteli za Ushongo. Mji umekaa mdomoni mwa mto, na ng'ambo ni Bweni. Kabla jua halijapanda, gati limeshajaa: baiskeli zenye matenga ya samaki, bodaboda, wanafunzi walioshika viatu mkononi, mama mwenye ndoo ya vitumbua iliyofunikwa kanga. Kivuko kikishusha mlango kila mtu anashika njia yake, na hakuna aliyesimama kukutazama wewe mgeni. Hilo kwangu ni alama ya kwanza ya mji mzuri. Nunua vitumbua na chai ya tangawizi, ukae benchi moja na mvuvi na karani wa halmashauri, na kabla chai haijaisha utakuwa umejua nani kafiwa, samaki wamepanda bei kwa nini, na barabara imekwama wapi.

Ukishashiba, fuata njia ya kando ya mto. Utaona milango ya nakshi, na majumba ya mawe ambayo mengine yameota miti ukutani. Hapo Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, kwa kuongoza vita ambavyo cheche yake iliwaka papo hapo mwaka 1888. Muulize mzee wa barazani, kisha muulize wa baraza ya pili. Hadithi zitapishana, na mgeni wako ataondoka na kitu ambacho hakimo kwenye kipeperushi chochote.

Sasa kuna jambo ambalo waandaaji wengi wa safari hulisahau, nalo ni maji. Mbele ya Ushongo kipo kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga humo. Leo kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika lote. Ukiuza safari ya Maziwe bila kujua kupwa na kujaa, utawapeleka watu kutazama bahari tupu. Wala haihitaji utaalamu wa ajabu. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo katika pwani yetu maji hupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari anayo ratiba. Siku za maji mafu tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na fungu halitoki vizuri. Nahodha atakuambia haya yote bure ukimpigia simu kabla ya kupanga tarehe. Ukimpigia baada ya kupokea fedha za watu, atakupeleka unakotaka, kwa kuwa naye ana watoto.

Niseme na kosa langu. Mwaka mmoja nilichagua kijiji cha pwani, jina nalihifadhi, kwa sababu ya picha tu. Tulifika tukakuta ukuta. Ndani ya ukuta kulikuwa na bustani safi, kitanda safi, na samaki wa kugandishwa aliyeletwa kwa gari kutoka mjini, ilhali nje ya lango wavuvi walikuwa wakiuza changu aliyevuliwa usiku ule. Nilipomuuliza mhudumu kwa nini hawanunui pale mlangoni, akasema mkataba wa chakula uko kwingine. Siku tatu tulikula hivyo. Mke wangu alitoroka siku ya pili akaenda kununua pweza kijijini na kumpikisha kwa mama lishe, na hiyo ndiyo siku pekee tunayoikumbuka. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye gesti ni hili: samaki, mayai na mkaa mnanunua kwa nani? Akijibu kwa majina ya watu, naweka nafasi. Akijibu "tuna msambazaji", nashukuru na kukata simu.

Upande wa milimani mambo ni yale yale, ila badala ya maji unauliza gulio. Barabara ya Lushoto inaanza Mombo, kilomita kama 33 za kona, na basi likisimama Soni madirisha yanajaa peasi na plamu. Lushoto yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ni ya kupendeza siku yoyote. Lakini vijiji vya juu, kama Mlalo na Mtae, ukifika siku isiyo ya gulio unaweza kukuta watu wote wako mashambani, ukadhani umefika mahali palipolala. Siku ya gulio kijiji hicho hicho kinafurika. Wanatelemka kina mama na matenga ya kabichi na maharage, fundi cherehani anaweka meza, na mzee anayeuza tumbaku ya kunusa anakaa pale pale anapokaa siku zote. Pale Irente, karibu na Lushoto, ukisimama ukingoni unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde chini kabisa, madogo kama mikeka. Napapenda. Lakini kama mgeni ana siku moja tu, nitampa gulio kwanza. Na mwambieni achukue sweta, hasa Juni na Julai. Kila mwaka kuna mtu wa Dar es Salaam anayetetemeka kwa kiburi.

Katika kuteua vijiji, wenzetu wa Ufaransa walianzisha mwaka 1982 chama cha vijiji vyao vizuri kuliko vyote. Masharti yake yanafundisha: kijiji kisizidi watu 2,000, kiwe na angalau maeneo mawili ya urithi yanayolindwa, na baraza la kijiji chenyewe liridhie kuomba. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona la maana kwetu. Sisi huwa tunakiteua kijiji sisi, tunakipiga picha, tunakipandisha mitandaoni, na mwenyekiti wa kijiji anapata habari akiona mabasi madogo mawili uwanjani. Kabla ya kupeleka kundi la watu ishirini mahali penye kisima kimoja, nenda ukapige hodi. Salimia, eleza, uliza wanaogaje, wanaswali saa ngapi, wapi hapapigwi picha.

Kilwa nitaigusa kwa haraka, kwani Kilwa ni tatu na watu huzichanganya. Kisiwani ina magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Ibn Battuta alifika huko 1331. Kuna wanakijiji wanaoishi humo humo, na kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Masoko ndiko gesti na mabasi. Kivinje ndiyo niipendayo mimi: mji wa biashara ya karne ya 19 unaobomoka taratibu mbele ya bahari, na soko la samaki lenye kelele kuliko lolote ninalolijua kusini. Haifai kwa mgeni anayetaka maji ya moto bafuni. Mwambieni ukweli huo mapema.

Nafahamu baadhi yenu mtasema wateja wanataka vitanda vizuri, na si gati la kivuko. Wanataka vyote viwili, ila kitanda ndicho wanachojua kukiuliza. Hayo mengine ni kazi yetu kuwaulizia. Basi ombi langu ni dogo. Safari za Desemba mnazipanga sasa. Kabla ya kuchapisha bei, kila mmoja apige simu mbili huko anakopeleka watu: moja kwa nahodha au dereva wa basi, nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji. Gesti ipigiwe ya tatu.