Unga wa CMC na Madonge Yake: Mada kwa Watengenezaji wa Sabuni ya Maji, Takawiri

Selulosi haihitaji utambulisho mrefu. Ndiyo iliyomo kwenye pamba, mbao na bua la muwa. Ikilowekwa katika kostiki soda kisha ikachanganywa na asidi ya monokloroasetiki, hutoa unga mweupe unaoyeyuka majini: kaboksimethili selulosi, au CMC. Uligunduliwa Ujerumani mwaka 1918. Leo umo katika aiskrimu kwa alama ya E466, dawa ya meno, matone ya macho na tope la kuchimbia visima vya mafuta.

Kilichouleta Takawiri ni ndoo ya sabuni. Kisiwani hapa katika Ziwa Viktoria, kati ya Mfangano na Rusinga, omena, yaani dagaa, haiishi kuanikwa, na beseni lenye mafuta ya samaki halitakati kwa maji matupu. Kinamama wanaojitengenezea sabuni ya maji hununua CMC ili sabuni iwe nzito. Lalamiko lao halijabadilika kwa miaka: madonge.

Unga ukimwagwa ndooni kwa pamoja, chembe za nje hunywa maji upesi na kufanya ngozi yenye utelezi. Maji hayapiti tena. Donge likipasuliwa kwa ukucha, unga wa ndani ungali mkavu kama ulivyotoka kwenye pakiti. Mwiko haulimalizi, sabuni inabaki nyepesi, na mtu anaongeza unga mwingine. Pesa inapotea humo.

Ujuzi wa uji haufai hapa. Unga wa uji hukorogwa kwanza kwa maji baridi bila shida, lakini CMC huvimba hata katika maji baridi. Dawa yake ni kuinyunyiza kidogo kidogo maji yakizungushwa, au kuilowesha kwanza kwa gliserini, isiyouvimbisha unga, kisha kuiacha majini usiku kucha.

Halafu kuna chumvi. Minyororo ya CMC ina chaji hasi. Husukumana, hunyooka, na maji yakawa mazito. Chumvi huzima msukumano huo, nayo minyororo hujikunja. Chumvi ikitangulia ndooni, CMC haifunguki vizuri. Lakini chumvi hiyohiyo, kwa kiasi, huupa ungarol, kiini cha povu la sabuni, uzito, ndiyo maana watu huikimbilia mapema. Zaidi ya hayo, CMC ya viwandani isiyosafishwa huja na chumvi iliyozaliwa ilipotengenezwa. Ya chakula hutakiwa kufikia usafi wa asilimia 99.5.

Mada haikusudii kuwalaumu wauzaji. Hata hivyo, inachosha kuona unga ukipimwa kwenye karatasi ya nailoni bila maandishi yoyote, kisha mama wa kisiwani aambiwe hajui kukoroga.

Inapendekezwa wauzaji waandike daraja la unga na tarehe. Inapendekezwa maji ya ziwa yachemshwe na kupozwa, kwa kuwa vijidudu huimeng'enya CMC na sabuni ikawa nyepesi baada ya wiki chache. Asidi ya salfoniki, kitakasa kingine cha sabuni, itulizwe kwa kostiki kabla ya kukutana na CMC, maana asidi kali huigandisha. CMC itangulie, ungarol ufuate, chumvi iwe ya mwisho. CMC inyunyizwe, isimwagwe; hili limesemwa, na linarudiwa kwa sababu ndiko hasara kubwa iliko. Kila kikundi kiweke chupa moja ya kila mpiko kivulini, yenye tarehe na jina la duka, ili sabuni ikiharibika ijulikane ni unga upi uliotumika.