JIKO NA BAFU NI MTAJI PIA

(Hotuba ya mwanachama, fundi mwashi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Nimepewa robo saa niseme juu ya kukarabati jiko na bafu. Nitajitahidi nisizidishe, maana pilau inapoa. (Kicheko)

Kwa miaka kumi tumekopeshana fedha za vitenge, mchele, dagaa na vyerehani. Lakini mwenzetu akiomba mkopo wa kutengeneza jiko, huulizwa: "Sasa hilo litazalisha nini?" Swali ni halali kabisa, na leo nataka kulijibu. Wengi tulio hapa tunakaanga maandazi, tunapika vitumbua, tunauza chakula. Kiwanda chetu kiko wapi? Kiko uani. Mama akikohoa wiki nzima kwa moshi, hapiki. Mtoto akiharisha, mama yuko zahanati, hapiki. Na asipopika, marejesho ya Jumamosi hayaonekani. Kwa hiyo jiko na bafu ni mtaji.

Hizi nyumba zetu za Kiswahili tunazijua: mbele baraza, katikati ukumbi na vyumba huku na huku, nyuma uani pana jiko, bafu na choo. Fedha ikipatikana huishia mbele, kwenye makochi na mapazia, kwa sababu mgeni anaona mbele. Uani tunaona sisi wenyewe. Naomba safari hii tuanzie nyuma.

KWANZA, MAJI

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, mwaga ndoo ya maji sakafuni, simama uangalie. Yakienda yote kwenye tundu, vizuri. Yakituama, hapo ndipo penye kazi. Sakafu ya bafu inatakiwa kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita moja. Mwambie fundi akuonyeshe kwa pimamaji. Ukibandika marumaru juu ya sakafu isiyo na mteremko, maji yatatuama vile vile, ila juu ya marumaru ya bei kubwa.

Mchanganyiko wa sakafu uwe ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 3 au 4 za mchanga. Mchanga wa baharini usikubali hata ukipewa bure. Chumvi yake hutoka ukutani kama unga mweupe, na hula nondo. Fundi akimaliza, sakafu imwagiliwe maji au ifunikwe magunia mabichi kwa siku 7. Saruji hupata nguvu kwa maji, na ikikaushwa haraka na jua hupasuka. Siku hizo omba kuoga kwa jirani, ndiyo ujirani huo.

Niru iliyong'arishwa sana inapendeza, lakini ikilowa inateleza. Bafuni mwambie fundi apitishe ufagio kabla haijakauka, ibaki na mikwaruzo. Penye bibi au mjamzito, funga na bomba la chuma ukutani la kushikilia.

Shimo la maji machafu liwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Viwanja vyetu vimebanana, najua. Kama mita hizo hazipatikani, maji ya kisima hicho yawe ya kufulia, na ya kunywa yachotwe kwingine na yachemshwe. Shimo lichimbwe kiangazi, lakini ukumbuke maji yalipofika wakati wa masika. Na ukuta wenye unyevunyevu usipakwe rangi mpaka ujulikane maji yanatoka wapi, la sivyo rangi itabanduka tu.

PILI, MOSHI

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, ambayo kubwa yake ni moshi wa kupikia. Sisi na watoto tunaowabeba mgongoni ndio tunaokaa karibu na jiko.

Moshi hupanda. Basi toboa matundu juu, karibu na paa, na upande wa pili chini pawe na njia ya hewa safi kuingia. Matofali yenye matundu, mstari mmoja tu, yanasaidia sana. Mkaa nao una hewa ya sumu isiyo na harufu. Hata mvua ikinyesha vipi, jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba cha kulala.

Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Wenye gesi mjue kuwa gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja hulala chini, kwa hiyo jiko la gesi linataka tundu chini pia. Mtungi usimame wima. Ukishuku unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie mapovu. Kiberiti usiguse!

TATU, FEDHA

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza mteremko, mfereji na shimo. Pili bati na matundu ya hewa. Tatu plasta na sakafu. Rangi na marumaru mwisho, na fedha ikiisha kabla hujafika huko, hujapoteza kitu.

Vifaa nunua mwenyewe, mifuko uihesabu wewe. Fundi mlipe kwa hatua, kazi ikionekana. Najua mafundi wenzangu watanilaumu, lakini fundi mzuri hakatai. (Makofi) Fungu moja kati ya kumi lizuie kwa dharura, maana ukibomoa ukuta wa zamani hukosi jambo.

Mpangaji, usiweke hata tofali kabla ya kuandikiana na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi ya miezi mingapi. Maneno ya mdomo husahaulika nyumba ikishapendeza. Na wewe mwenye mume, kaeni mzungumze kwanza, kisha risiti ziandikwe jina lako na uzitunze. Siyo kumshuku mtu. Mkopo ni wako, na kumbukumbu iwe yako.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu kwa mkutano mkuu ni kwamba mkopo wa ukarabati wa jiko na bafu ukubaliwe, utolewe kwa awamu mbili. Awamu ya pili itoke baada ya kamati kufika nyumbani na ndoo ya maji, imwage, ione yanaelekea wapi. Kwa njia hiyo fedha ya kikundi italindwa, na mwenzetu atapata bafu la kweli.

Kina mama, oyee!