Daftari la Wote, Kabati la Mmoja

Wiki hii nataka tuzungumze habari za madaftari.

Mtaani kwetu akina mama wana upatu. Wako kumi na wawili, na kila mmoja ana daftari lake. Fedha zikitolewa, wote wanaandika papo hapo: nani katoa, kiasi gani, siku gani. Akitokea mjanja akafuta mstari katika daftari lake, mengine kumi na moja yatamsuta. Kesi yao haijafika kwa balozi hata siku moja.

Ndivyo kinavyofanya kazi kile ambacho wataalamu wa kompyuta wanakiita blokicheni. Wafanyabiashara wasioaminiana wanashika kumbukumbu moja, kila mmoja na nakala yake.

Na haja ipo. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilifuatilia kontena la maua ya waridi na maparachichi kutoka kwa jirani zetu Kenya hadi Uholanzi. Watu na taasisi karibu 30 walihusika, na mawasiliano baina yao yalizidi 200. Karatasi moja ikilala mezani kwa mtu, waridi linanyauka. Basi mwaka 2018 Maersk na IBM wakaanzisha TradeLens, daftari la pamoja la mizigo. Baadhi ya wenye meli wakubwa walijiunga, lakini ushirikiano wa dunia nzima haukupatikana. Nani anapenda siri za biashara yake zikae katika daftari la mshindani? Novemba 2022 ikatangazwa kwamba linafungwa.

Microsoft walitangulia. Wao walikodisha blokicheni katika kompyuta zao wenyewe, mtindo unaoitwa wingu (wingu gani, wakati mitambo iko ardhini inakula umeme!). Tarehe 10 Septemba 2021 wakaifunga huduma hiyo. Wateja walikuwa wameambiwa miezi minne tu kabla wahamie kwingine.

Turudi kwa akina mama. Tuseme wamechoka kubeba madaftari, wakayaweka yote katika kabati la jirani mmoja na kumlipa kodi kila mwezi. Madaftari bado ni kumi na mawili, lakini ufunguo ni mmoja. Jirani akihama je?

Nililiuliza swali hilo katika semina moja hapa mjini, ambapo wenye makampuni walikuwa wakishawishiwa kukodi huduma hizi. Nikasema: mteja akitaka kuondoka, anaondoka na nini mkononi? Mtoa mada akatabasamu, akasema atajibu baada ya chai. Chai tulikunywa, na maandazi tukala. Tuliporudi ukumbini, alikuwa anakunja nyaya zake.